Moshi Mweusi wa Segese: Injini Inapozidiwa na Petroli

Kwenye barabara itokayo Kahama kwenda Kakola, uliko mgodi wa Bulyanhulu, Segese inaishi kwa pikipiki. Ndizo zinazobeba abiria, mifuko ya mawe kutoka maduarani, yaani mashimo ya dhahabu, kwenda karashani kwenye mashine za kuyasaga, na madumu ya dizeli ya kuendeshea pampu. Malalamiko yanayofika kwa mafundi yanafanana: inakula mafuta, inatoa moshi mweusi, asubuhi haiwaki, plagi ikifunguliwa imelowa. Na dawa nayo mara nyingi ni ileile: nunua kabureta mpya. Kabureta inabadilishwa, siku chache zinapita, moshi unarudi.

Petroli peke yake haiungui ndani ya silinda. Kinachoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote. Injini huvumilia petroli zaidi kidogo, na hata hupata nguvu zaidi hewa ikiwa kilo 12 au 13. Ikipungua sana kuliko hapo, petroli iliyokosa hewa hugeuka masizi, nayo hujibandika kwenye ncha ya plagi hadi cheche ishindwe kuruka. Ikizidi zaidi, plagi hulowa na injini huzima. Kwa hiyo fundi ana njia mbili za kufuata: ama petroli imezidi, ama hewa imepungua. Huku kwetu ni busara kuanza na hewa.

Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na ukanda wote wa dhahabu wa Geita na Kahama uko juu zaidi ya hapo. Kwenye mwinuko wa mita 1,200, hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi kidogo ya asilimia 10. Kabureta haipimi uzito wa hewa, inafuata tu mvuto wa hewa inayopita ndani yake. Pikipiki iliyorekebishwa vizuri pwani, ikipandishwa huku, huwa imezidisha petroli kwa takriban asilimia 6 kabla mtu hajaigusa. Kiasi hicho peke yake hakitoi moshi wa kutisha. Ila kinaondoa akiba: kasoro ndogo ambayo Tanga isingeonekana, Segese inaonekana.

Na kasoro ya kwanza ni vumbi. Chujio la hewa likiziba, hewa inapungua huku petroli ikizidi kufyonzwa. Kipimo chake hakihitaji chombo. Chujio litolewe kwa muda mfupi mahali pasipo na vumbi, injini ikiunguruma; moshi ukipungua na mlio ukatulia, chanzo kimepatikana. Lakini chujio lazima lisafishwe na kurudishwa. Wapo mafundi wanaolitupa moja kwa moja ili pikipiki “ipumue”, na huo ni uharibifu mkubwa kuliko ule wanaoutibu. Dhahabu ya ukanda huu kwa sehemu kubwa hukaa kwenye mawe ya kwatzi, na hayo ndiyo yanayosagwa karashani mchana kutwa. Kwatzi ina ugumu wa ngazi ya 7 kati ya 10 katika kipimo cha Mohs, zaidi ya chuma cha kawaida. Injini inayovuta vumbi hilo bila chujio inasaga ringi zake yenyewe. Chujio la sponji huoshwa kwa sabuni, hukaushwa, hupakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi hupulizwa kutoka ndani kwenda nje, au hubadilishwa.

Baada ya hewa ndipo petroli. Kwanza choki, maana waya wake ukikwama huiacha imefungwa nusu bila dereva kujua. Kisha bakuli la kabureta. Humo ndani floti huelea na kuinua sindano ndogo inayofunga njia petroli ikijaa. Punje moja ya mchanga ikikaa chini ya sindano, njia haifungi tena. Petroli humwagika nje au huingia kwenye injini. Mchanga huo hautoki mbali. Vijijini petroli huuzwa kwa chupa na vidumu kandokando ya barabara, na huhamishwa kutoka chombo hadi chombo kabla ya kufika kwenye tangi. Hii ndiyo sababu kabureta mpya haidumu: tangi ni lilelile, mpira ni uleule, uchafu ni uleule. Kusafisha tangi na kufunga chujio dogo kwenye mpira wa mafuta kungemaliza kazi kwa gharama ndogo.

Ushahidi wenyewe uko kwenye plagi, mradi isomwe vizuri. Pikipiki iendeshwe ikiwa na mzigo, izimwe ghafla, plagi ifunguliwe. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi. Unyevu wenye harufu ya petroli ni kufurika. Weusi unaong’aa kwa utelezi ni oili inayopita kwenye ringi, na hapo kabureta haihusiki. Rangi ya kahawia ndiyo afya. Dalili nyingine ya kuaminika: injini iliyozidiwa na petroli hupendeza ikiwa ya baridi, na huharibika zaidi kadiri inavyopata moto.

Skrubu ya kurekebishia imewachanganya wengi. Ikiwa iko upande wa chujio, inaruhusu hewa, hivyo kuikaza huongeza petroli. Ikiwa upande wa injini, inaruhusu petroli, na kuikaza huipunguza. Fundi asiyetazama iko wapi anaweza kuzidisha tatizo huku akiamini analitibu.

Magari yenye tabo yana mtego wake. Tabo huzungushwa na moshi wa injini na kusukuma hewa ndani kwa nguvu, kwa hiyo mwinuko hauyasumbui sana. Katika gari la petroli ambalo kompyuta yake hupima hewa mwanzoni mwa njia, mpira ukipasuka baada ya tabo, hewa iliyokwisha kuhesabiwa huvujia nje. Kompyuta hutoa petroli ya hewa ambayo haikufika, na moshi mweusi hutoka kila dereva anapokanyaga. Lori la dizeli lenye mpasuko kama huo nalo huishiwa nguvu na kufuka moshi mlimani. Mipira na vibano vyake vikaguliwe kabla ya kulaumu nozeli.

Injini inayoteseka kuliko zote kwa kufurika ni ile ya mzunguko aliyoibuni Mjerumani Felix Wankel, ambayo Mazda iliiingiza kwenye Cosmo Sport mwaka 1967 na ikashinda nayo Le Mans mwaka 1991. Haina pistoni. Rota ya pembe tatu huzunguka, na vipande vyembamba kwenye pembe zake huziba kwa msaada wa utando wa oili. Petroli ikizidi huosha utando huo, mgandamizo unapotea, na injini haiwaki tena hata cheche ikiwa nzima. Katika Mazda RX-8, yenye injini ya aina hiyo, kuwasha gari la baridi ili kulisogeza mita chache na kulizima kunatosha kuleta balaa hilo. Mafundi hukata pampu ya mafuta, hufungua plagi, huzungusha injini hadi petroli itoke, kisha hutia oili kidogo ndani ili mgandamizo urudi.

Pikipiki hupatwa na madhara yaleyale polepole zaidi. Petroli huosha ukuta wa silinda, hushuka kwenye oili na kuifanya nyepesi kama maji. Anayeegesha usiku afunge koki ya mafuta. Asubuhi akikuta oili imepanda juu ya alama au inanuka petroli, asipige kiki: amwage oili yote, aisafishe sindano ya floti, aweke oili mpya, ndipo awashe.