Chumba Usichokijua: Nasaha kwa Familia Zinazonunua Safari za Meli

Zamani meli kubwa za kitalii zilikuwa kwetu kitu cha kutazamwa tu. Huingia Kilindini alfajiri, zikawashusha wageni wao waende Fort Jesus na mbugani, na ikifika magharibi zikang'oa nanga. Miaka hii mambo yamegeuka. Watoto wetu walioko Dubai, Doha, Jeddah na Uingereza wamekuwa wakiwanunulia wazazi wao safari hizi, hasa msimu wa baridi ya Ulaya, ambapo baadhi ya meli hizo huhamia maji ya joto ya Ghuba. Mnamo Desemba 2024 Saudia nayo ilianza safari zake kutoka Jeddah kwa meli iitwayo Aroya, iliyojengwa Ujerumani na kuzinduliwa mwaka 2017 kwa jina la World Dream, yenye vyumba zaidi ya 1,600. Tangu hapo maswali yamezidi kutufikia, na mengi hutoka kwa akina mama.

Kama safari yenyewe yafaa au haifai, hilo lina mahali pake, nami sitaligusa leo. Nataka tuzungumze jambo ambalo wanunuzi wengi hulipita kwa haraka, nalo ni chumba. Msafiri wa meli hii hakodi kiti cha saa mbili kama abiria wa ndege. Anakodi mahali pa kulala, kuoga, kubadili nguo, kuswali na kumlaza mtoto kwa siku saba au zaidi, na hawezi kuhama katikati ya bahari.

Kuna njia mbili za kununua chumba hicho. Ya kwanza ni kuonyeshwa ramani ya meli, ukachagua chumba kwa nambari yake, na nambari hiyo ikaandikwa kwenye tikiti yako. Ya pili ni kununua aina ya chumba tu: cha ndani kisicho na dirisha, chenye dirisha, au chenye roshani. Nambari haipo. Mahali pake mara nyingi huandikwa herufi tatu, GTY, maana yake ni kwamba kampuni imekudhaminia aina uliyolipia au iliyo bora kuliko hiyo, nayo itachagua chumba chenyewe baadaye. Baadaye hiyo yaweza kuwa wiki kadhaa kabla ya safari, siku chache, au hata pale pale bandarini. Bei ya njia hii kwa kawaida huwa chini, na punguzo hilo ndilo huwavuta watu.

Ni vyema kufahamu kwa nini kampuni hupunguza. Wanaochagua kwa nambari huchukua mapema vyumba vya katikati, vilivyotulia, vilivyo karibu na lifti lakini si mbele ya mlango wake. Vinavyobaki vina sababu ya kubaki. Aliyenunua bila nambari ndiye atakayevijaza, na kampuni humhamisha kwenye hesabu zake kama mchezaji anavyohamisha kete za bao, mpaka meli ijae. Mara nyingine humwangukia chumba kizuri kuliko alicholipia, na hadithi za waliopata bahati hiyo ndizo zinazosimuliwa zaidi.

Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi hawakuhitaji kufundishwa habari ya mahali pa kukaa chomboni. Walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Watu huitumia methali hii kwa mambo mengi, lakini tuichukue kwa maana yake ya baharini. Chombo kinapokabili mawimbi, omo huinuka na kushuka, na tezi nayo hivyo hivyo, mfano wa ubao wa pembea. Katikati, chini, ndipo panapotikisika kidogo zaidi. Meli yenye urefu wa mita 300 haijatoka katika kanuni hiyo. Chumba cha sitaha ya juu kabisa, mbele kabisa, hupendeza pichani na huchosha mno usiku wa upepo. Mama mjamzito, mzee, na yeyote anayelevywa na bahari, hawa wanahitaji chumba cha katikati na chini. (Kwa akina mama waja wazito, nyongeza moja: kampuni nyingi hazimpokei mwanamke ambaye mimba yake itakuwa imeingia wiki ya 24 kabla ya safari kwisha, na kwa watoto wachanga umri wa chini huwa miezi sita, au mwaka mmoja kwa safari za kuvuka bahari kuu. Ulizeni kabla ya kulipa.)

Kisha kuna kelele. Chumba kilicho chini ya sitaha ya bwawa la kuogelea husikia viti vikiburutwa tangu alfajiri. Kilicho juu ya ukumbi wa muziki hutetemeka mpaka usiku wa manane. Kilicho mbele sana na chini husikia mnyororo wa nanga, na kilicho nyuma na chini husikia mitambo. Baadhi ya vyumba vina mlango wa ndani unaounganisha na chumba jirani. Mlango huo hufungwa kwa ufunguo, lakini haukinzi sauti kama ukuta. Kwa familia iliyochukua vyumba vyote viwili, mlango huo ni neema. Kwa mke na mume walio jirani na watu wasiowajua, ni usumbufu, maana mazungumzo yao yote yaweza kusikika upande wa pili.

Hapo ndipo tunapofika kwenye sitara, nalo sijaona likielezwa na mawakala. Dada zangu wengi hulipia roshani wakidhani watakaa nje bila shela, wapunge upepo. Baadhi ya meli zimejengwa kwa namna ambayo roshani za chini zimechomoza nje, na aliye juu akiinama tu anaziona zote. Kizuizi cha mbele mara nyingi ni kioo kitupu, na meli ikiwa gatini, aliye nchi kavu hutazama moja kwa moja. Zaidi ya hayo, neno roshani halimaanishi bahari kila mahali. Meli za kampuni ya Royal Caribbean za jamii ya Oasis, ambazo ya kwanza ilianza kazi mwaka 2009, zina roshani zinazotazama ndani ya meli yenyewe, juu ya bustani na njia ya matembezi ambako watu hupita mchana kutwa. Kadhalika vyumba vya dirisha: baadhi madirisha yake yamezibwa na mashua za kuokolea watu, ukifungua pazia unaona ubavu wa mashua. Anayechagua kwa nambari huyajua haya mapema kwa kutazama ramani, lakini aliyenunua bila nambari huyajua akishafungua mlango.

Nitoe mfano wa familia moja ya hapa Mombasa, bila kuwataja. Kijana wao aliwalipia safari ya siku saba: baba, mama, nyanya mwenye maradhi ya magoti, binti wa miaka 15, na wavulana wawili wa miaka 9 na 5. Alinunua vyumba viwili vya ndani, vyote bila nambari, na wakala akamwambia kwamba kwa kuwa vimenunuliwa pamoja vitatolewa karibu karibu. Siku nne kabla ya safari nambari zikaja. Chumba cha wanawake kilikuwa sitaha ya tano, karibu na omo. Cha baba na wavulana kilikuwa sitaha ya kumi na moja, upande wa tezi. Walipouliza, waliambiwa meli imejaa.

Nyanya alihitaji msaada wa mwanamke kwa kuoga na kutawadha, kwa hiyo mama hakuweza kuhamia juu. Yule mdogo wa miaka mitano hajazoea kulala bila mamake, na usiku wa pili alitoka chumbani baba akiwa usingizini, akakutwa na mhudumu kwenye lifti akilia. Kitanda cha tatu cha chumba cha chini kilikuwa cha kuteremshwa kutoka darini, chenye ngazi, na binti alilala juu huko. Kizingiti cha msala kilikuwa kimeinuka, na nyanya, kila alipokwenda, alishikwa mkono. Safari iliyokusudiwa kumpumzisha mama ilimfanya apande na kushuka sitaha sita mara kadhaa kwa siku. Na tazameni, hakuna aliyevunja mkataba. Karatasi iliahidi vyumba viwili vya ndani, na vilitolewa viwili vya ndani. Ukaribu haukuandikwa popote. Neno la mdomo la wakala halikuwa na uzito wowote mbele ya kampuni.

Sasa, wapo walioniuliza kama ununuzi wa namna hii ni gharar, yaani biashara ya kitu kisichojulikana, aliyoikataza Mtume (s.a.w.). Swali ni zuri. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Kishafii wameigawanya ijara mafungu mawili, na mgawanyo huo umo katika Minhaj ya Imam Nawawi inayosomeshwa katika darasa za pwani hii. Kuna kukodi kitu chenyewe mahususi, kama kusema nimemkodi ngamia huyu. Na kuna kukodi kilichosifiwa kikawa katika dhima ya mkodishaji, kama kusema nataka ngamia wa sifa kadhaa anifikishe mahali fulani. Katika fungu la kwanza, mnyama akifa akidi huvunjika. Katika la pili, mkodishaji analazimika kuleta mwingine wa sifa zile zile. Sharti la fungu la pili ni kuwa sifa zitajwe: jinsi ya mnyama, aina yake, dume au jike, kwa kuwa mwendo na starehe ya mpandaji hutofautiana kwa hizo.

Chumba cha nambari kiko karibu na fungu la kwanza, na chumba cha GTY kiko karibu na la pili. Kwa hiyo kuwapo kwa mambo usiyoyajua hakutoshi peke yake kuuharamisha, maadamu aina ya chumba, bei, tarehe na idadi ya vitanda vimetajwa, na masharti mengine ya akidi yametimia. Lakini kuna ofa nyingine, ambapo mtu hulipa kwa chumba chochote kitakachopatikana melini, chini au juu, ndani au nje, bila sifa kutajwa. Hiyo, kwa maoni yangu, inakaribia mno lile lililokatazwa, na simshauri mtu kuiingia. Mwenye kutaka ufafanuzi zaidi wa masharti ya malipo na amlete wakala wake na karatasi zake, tukae.

Faida ya kuifahamu hukumu hii ni kwamba yatufundisha pia namna ya kununua. Ulichokisifu na kikaandikwa, unakidai. Ambacho hakikuandikwa, umemwachia mwenzako achague kwa maslahi yake. Kijana aliye peke yake, au wanandoa wenye afya ambao chumba kwao ni pa kulala tu, hawana la kuogopa na punguzo watalifurahia. Familia yenye vyumba viwili, mzee, mgonjwa, au mtoto mdogo isichukue chumba bila nambari, hata punguzo likiwa kubwa. Mwenye kiti cha magurudumu hana budi kuomba chumba maalumu chenye mlango mpana na msala usio na kizingiti. Vyumba hivyo ni vichache na havipatikani kwa bahati.

Bei nazo huvaa majina yanayopoteza watu. Kampuni ya MSC, ambayo imefanya safari nyingi za Ghuba, imekuwa ikiuza chumba cha aina moja kwa majina mawili, Bella na Fantastica. La kwanza ni nafuu na kampuni ndiyo inayochagua chumba, la pili lina nyongeza ya bei na mnunuzi huruhusiwa kuchagua. Anayelinganisha bei mbili kwenye simu yake huona tofauti ya fedha, haoni tofauti ya haki. Muulizeni wakala kwa maneno mepesi: nambari ya chumba ni ipi? Akisema itakuja, basi hamjanunua chumba mahususi, hata kama ameonyesha picha yake.

Jambo jingine huwashangaza wenye watoto wengi. Chumba chaweza kuwa na vitanda vinne na bado kampuni ikakataa watu wanne. Sababu ni mashua za kuokolea, kwani kila eneo la meli lina idadi ya watu ambayo mashua zake zaweza kubeba, na ikishatimia, vitanda vya tatu na vya nne hufungwa. Kwa hiyo familia kubwa inunue mapema. Na kampuni nyingi hutaka kila chumba kiwe na mtu mzima kwenye orodha, hivyo mabinti wa miaka 16 na 17 hawawezi kuandikwa peke yao chumba kimoja. Baba ataandikwa huku na mama kule, kisha mkifika mtalala mnavyopanga wenyewe, jambo ambalo halina taabu vyumba vikiwa mlango kwa mlango.

Kwa aliyekwisha kununua bila nambari, bado kuna la kufanya. Mpigieni wakala sasa, muulize nyongeza ya kuchagua ni kiasi gani, kwani kabla nambari haijatolewa mara nyingi mabadiliko huwezekana. Ikishatolewa, fungueni ramani ya meli mtazame sitaha ya juu yake na ya chini yake, si sitaha yenyewe tu. Vyumba juu na vyumba chini ni dalili ya utulivu. Mkiona jiko, ukumbi au bwawa, ombeni kuhamishwa siku hiyo hiyo, kwa maandishi. Na mkishapanda, nendeni kwenye dawati la wageni kabla ya kufungua mizigo, kwa sababu ikiwa kuna abiria ambaye hakutokea bandarini, chumba chake hupewa wa kwanza kuuliza.