Weupe wa pamba ukigeuka pinki: jinsi ya kutafuta kosa kwenye video ghafi

Pamba ikishavunwa, Usukumani unaanza msimu wa ngoma. Kuanzia Juni hadi Agosti, makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu yanashindana uwanjani, majembe ya ngoma ya bugobogobo yanarushwa juu na kudakwa, na harusi zinafuatana wiki hadi wiki. Kwa mpiga video wa Bariadi, Maswa au Meatu huu ndio msimu wa mavuno yake. Ndio pia msimu unaoitesa kamera kuliko mwingine wowote, kwa sababu fremu moja inabeba jua la saa sita, mashati meupe, lundo la pamba, nyuso nyeusi na vumbi linalotimuliwa na miguu ya wachezaji. Kamera ya kawaida ikijitahidi kuonyesha nyuso, pamba inaungua na kuwa doa jeupe lisilo na kitu. Ikiilinda pamba, nyuso zinazama gizani.

Ndiyo maana wapiga video wengi duniani wenye bajeti ndogo wamekimbilia Magic Lantern, programu ya bure inayoongezwa kwenye kamera za Canon. Aliyeianzisha mwaka 2009 ni Trammell Hudson, kwa ajili ya Canon EOS 5D Mark II. Mwaka 2013 waendelezaji wake walipata njia ya kuchota video ghafi moja kwa moja kutoka kwenye kihisi cha kamera. Programu hiyo haiifuti programu ya kiwandani. Inakaa kwenye kadi na kuamka pamoja na kamera. Hata hivyo Canon haikuitengeneza wala haiidhamini, kwa hiyo anayeitumia anabeba dhamana mwenyewe.

Video ghafi ni kama pamba mbegu kabla haijafika kwenye jineri: ina kila kitu, na uchambuzi wote unabaki mikononi mwako. Video ya kawaida ya kamera hizi huhifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Video ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Humo ndani nyuzi za pamba na ngozi ya uso vinaweza kuonekana kwa pamoja. Uzuri huo una gharama yake. Makosa ambayo zamani kamera iliyasahihisha kimyakimya sasa yanakufikia wewe mezani, na mara nyingi yanaonekana siku mteja anaposubiri kazi yake.

Kosa kubwa ninaloliona kwa mafundi wengi ni kukimbilia rangi. Klipu ikifunguka na pinki, mtu anavuta vitufe vya rangi mpaka pinki ipungue, kisha nyuso zinakuwa kijani, kisha anakata tamaa na kusema kamera imekufa. Dawa ni kuifuata safari ya picha kwa mpangilio: kihisi, kadi, kunakili, kisha mipangilio ya programu ya kusafishia. Kila hatua ina makosa yake na kila kosa lina alama zake. Ukijua lilipozaliwa, marekebisho huwa mafupi.

Kurekodi kunakatika baada ya sekunde chache

Anza na hesabu. Fremu moja ya pikseli 1,920 kwa 1,080 ya biti 14 ina uzito wa MB 3.6 hivi. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, kamera inatakiwa kuandika karibu MB 90 kila sekunde, sawa na GB 5.4 kwa dakika. Kadi ya GB 64 inajaa ndani ya dakika 12. Kadi isipoweza kasi hiyo, kumbukumbu ya muda ya kamera inafurika na kurekodi kunasimama.

Hapa wengi wanalaumu kadi wakati kikwazo kiko kwenye kamera. EOS 5D Mark III ina matundu mawili. Tundu la kadi ya CF linaweza kubeba mzigo huo, lakini la SD linaandika takriban MB 20 tu kwa sekunde, hata ukichomeka SD ya bei kubwa kuliko zote dukani. Kamera ndogo kama EOS 700D na EOS M zinaishia takriban MB 40. Kwa kamera hizo punguza ukubwa wa picha, au shuka kwenye biti 12 au 10, au tumia mgandamizo usiopoteza data, ambao unaweza kupunguza uzito kwa theluthi hivi bila kutupa chochote. Zima pia vielelezo vingi vya kwenye skrini wakati wa kurekodi, kwa kuwa navyo vinaila nguvu ya kamera.

Kadi bandia ni tatizo jingine. Imeandikwa GB 128 lakini ndani ina robo ya hizo, na zilizozidi zinaandikwa hewani. Ipime kabla ya kuiamini, kwa programu ya bure ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Na kama kamera haiwaki kabisa ukiweka kadi fulani, usipaniki. Huenda kadi hiyo ina alama ya kuwashia Magic Lantern lakini faili lake la autoexec.bin limefutwa. Toa betri, toa kadi, rudisha faili hilo au fomati kadi upya kwenye kompyuta.

Klipu ilikuwa ya dakika mbili, sasa ni sekunde 47

Hili ni kosa la kunakili, na linaumiza kwa sababu linaweza kukupotezea kazi nzima. Kadi zenye mfumo wa FAT32 haziruhusu faili moja kuzidi GB 4. Kwa hiyo Magic Lantern inaikata klipu ndefu vipande. Ukifungua kadi utaona, kwa mfano, M08-1412.MLV, kisha M08-1412.M00, kisha M08-1412.M01. Jina linatokana na saa ya kamera: tarehe 8, saa 14:12, yaani saa nane na dakika 12 mchana. Faili la kwanza ndilo lenye alama inayojulikana, na anayenakili kwa haraka hulichukua hilo peke yake na kuyaacha mengine akidhani ni takataka. Kwa kasi ile ya MB 90, GB 4 ni sekunde 47 hivi. Sehemu yote iliyobaki ya ngoma imebaki kwenye kadi, na kadi inafomatiwa kesho yake.

Nakili folda nzima, usichague faili moja moja. Ukitaka kubadilisha jina, badilisha vipande vyote kwa jina lilelile, la sivyo mnyororo unakatika. Linganisha jumla ya ukubwa kwenye kadi na kwenye diski mpaka namba zifanane. Rekebisha pia saa ya kamera, hasa mkiwa na kamera mbili kwenye harusi moja. Zikianza kurekodi dakika ileile, majina yanafanana, na nakala ya pili inaweza kuifuta ya kwanza.

Picha ina pinki

Hili ndilo swali la kwanza la kila anayeanza. Jibu lake linategemea pinki imekaa wapi, basi itazame vizuri kabla ya kugusa kitufe.

Ikiwa pinki iko kwenye vivuli na picha nzima imepauka kama ina ukungu, tatizo ni kiwango cha weusi. Kihisi hakitoi sifuri kwenye giza. Kwa EOS 5D Mark III kwenye biti 14, giza totoro ni namba iliyo karibu na 2,048. Programu inatakiwa kuitoa namba hiyo kwanza, ndipo irekebishe rangi. Ikitoa pungufu, mabaki yanabaki kwenye rangi zote tatu. Kisha marekebisho ya mwanga mweupe yanazidisha nyekundu na bluu kuliko kijani, na mchanganyiko wa nyekundu na bluu ni pinki. Ikitoa kupita kiasi, vivuli vinakuwa vizito na kuelekea kijani. Kwenye MLV App, programu ya bure inayotumika sana kusafisha klipu hizi, kuna mahali pa kuingiza namba hiyo kwa mkono. Ukirekodi kwa biti 12 igawanye kwa 4 upate 512, na kwa biti 10 igawanye tena kwa 4 upate 128.

Ikiwa pinki iko kwenye weupe, yaani kwenye pamba, mashati, shela ya bibi harusi na mawingu, tatizo ni kiwango cha weupe. Kwenye jua kijani hujaa kwanza kwenye kihisi. Programu ikidhani bado hakijajaa, inaendelea kuzidisha nyekundu na bluu, na weupe unageuka pinki. Shusha kiwango cha weupe kidogo kidogo huku ukitazama shela, na usimame pale inapokuwa nyeupe. Kwa 5D Mark III utajikuta karibu na 15,000. Sehemu iliyoungua haitarudi, lakini itaungua kwa weupe, kama jicho linavyotarajia.

Ikiwa fremu moja moja ndiyo pinki au imechanika, na jirani zake ni safi, kosa ni la kurekodi na halina uhusiano na rangi. Kamera ilizidiwa au kadi ilikwama. Ondoa fremu hiyo wakati wa kuediti, na safari ijayo punguza mzigo.

Nukta, mistari na mawimbi

Nukta ndogo zilizojipanga kwa utaratibu, hasa kwenye EOS M, 650D, 700D na 100D, ni pikseli za fokasi. Kwenye vihisi hivyo baadhi ya pikseli zimepewa kazi ya kutafuta fokasi, na kwenye picha ghafi zinaacha alama. MLV App ina ramani zake, na kila ramani inafuata aina ya kamera na ukubwa wa picha. Nukta zilizotawanyika ovyo na kung'aa ni pikseli mbovu, na huongezeka kihisi kikipata joto. Kamera iliyoachwa juani tangu asubuhi itakuwa nazo nyingi. Iweke kivulini kati ya ngoma na ngoma.

Mistari myembamba ya wima kwenye anga, inayojirudia kila safu nane, inatokana na kihisi kusomwa kwa njia nane zisizolingana nguvu kikamilifu. Washa marekebisho ya mistari ya wima na itatoweka.

Mawimbi ya rangi kwenye mabati ya paa au mashati ya mistari ni jambo jingine kabisa. EOS 700D, ikirekodi kwa kihisi kizima, inasoma mstari mmoja na kuruka miwili, na kilichorukwa hakirudi. Hakuna programu itakayokuokoa. Dawa iko uwanjani: tumia hali ya kukata katikati ya kihisi, ambapo kila pikseli inasomwa, au sogea ili mabati yawe nje ya fokasi. 5D Mark III inaunganisha pikseli badala ya kuziruka, hivyo haisumbuki sana.

Picha imebonyea, au inametameta

Mtu akitaka kuonyesha jembe la bugobogobo likizunguka hewani kwa mwendo wa pole, anarekodi fremu 50 kwa sekunde. Nyumbani anakuta wachezaji wamekuwa wafupi na wanene. Hakuna kilichoharibika. Kwenye hali hiyo kamera inaruka mistari mingi zaidi kwa wima, nawe unatakiwa kuivuta picha kwa urefu mara 1.67 ndani ya MLV App kabla ya kutoa faili.

Kumetameta ukumbini kunatokana na umeme. Gridi ya Tanzania ni ya 50 Hz, na taa nyingi zinapiga mara 100 kwa sekunde. Rekodi fremu 25 kwa shata ya 1/50 na mwanga utatulia. Ukumbi ukihamia kwenye jenereta isiyoshika mwendo, michirizi inaweza kurudi. Chukua klipu fupi ya jaribio kabla bibi harusi hajaingia, kwani kosa hilo ni gumu kuliondoa baadaye.

Mpangilio wa kazi mezani

Ukishanakili, fanya hivi kila mara. Rekebisha kwanza kiwango cha weusi na cha weupe. Kisha washa marekebisho ya pikseli za fokasi, pikseli mbovu na mistari. Kisha rudisha umbo la picha. Ndipo uweke mwanga mweupe, na mwisho kabisa rangi. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, vinginevyo hutajua kipi kilitibu. Toa faili la ProRes au fremu za DNG, upeleke DaVinci Resolve au programu unayoizoea. MLV App haigusi faili la asili, kwa hiyo jaribu bila woga.

Nasema haya kwa uzito kwa sababu ya kile kinachorekodiwa. Simiyu ulipata hadhi ya mkoa mwaka 2012, lakini ngoma zinazochezwa Bariadi na Itilima ni za zamani kuliko mipaka hiyo, na wazee wanaozijua hatua zake hawatakuwepo siku zote. Video ghafi inampa mjukuu nafasi ya kuisafisha kazi yako upya kwa programu bora zaidi ya ile uliyonayo leo. Video iliyokwisha kuungua haimpi nafasi hiyo.

Basi weka nakala mbili za faili za asili kwenye diski mbili tofauti. Na kabla hujafomati kadi, fungua kila klipu kwenye kompyuta uitazame mpaka mwisho wake.