Kitabu cha Mabandiko na Madebe Matano ya Mama

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu ambaye vidole vyake havikosi gundi. Mlezi wa chama chetu cha Kiswahili alipotangaza kwamba katika gazeti la mwaka huu kila mwanachama aeleze jambo moja analolijua kwa mikono, si kwa kusoma tu, wenzangu walichagua kufuga sungura, kusuka nywele na kuziba pancha za baiskeli. Mimi nilichagua kubandika. Darasa zima liliangua kicheko. Ati kubandika makaratasi nako ni kazi ya kuandikia insha? Naam, ni kazi, tena iliwahi kuigharimu nyumba yetu madebe matano ya kahawa. Kisa hicho nitakieleza, lakini acha kwanza nieleze kitu chenyewe.

Kitabu cha mabandiko, ambacho wengine hukiita skrapubuku, ni daftari ambamo mtu hubandika picha, tikiti, barua, majani makavu na vipande vya gazeti, kisha akaandika maneno machache kando yake. Si albamu, kwa maana albamu aghalabu huwa na picha tupu, watu wamesimama wima mithili ya nguzo za stima siku ya harusi. Wala si shajara, kwa sababu shajara ni maneno matupu. Ni kitu cha katikati. Huko ng'ambo watu wamekifanya kwa muda mrefu. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, mwaka wa 1873 alisajili uvumbuzi wake wa kitabu ambacho kurasa zake zilikuwa zimepakwa gundi tayari, ikawa kazi yako ni kulowesha kidogo tu na kubandika kama stempu. Sisi huku Gatongora hatujabahatika kiasi hicho. Gundi tunapika.

Nilianza nikiwa kidato cha kwanza, na nilianza kwa kuiga. Binamu yangu anayeishi Ruiru mjini alikuwa na kitabu kilichojaa wachezaji wa kandanda na waimbaji, kila mmoja amekatwa vizuri na kuzungushiwa kalamu nyekundu. Basi nami nikatafuta daftari la jalada gumu, nikaomba magazeti ya zamani dukani, nikakata wachezaji walewale, nikawazungushia kalamu nyekundu ileile. Baada ya muhula mmoja kitabu kilijaa. Nilipokiweka kando ya kile cha binamu havikuwa na tofauti, ila chake kilikuwa safi zaidi. Nilikifungua siku moja nikajiuliza, mtu akikiokota njiani atajuaje kwamba ni changu? Ni jina tu lililokuwa juu ya jalada. Hapo nikakata tamaa, nikakiacha chini ya kitanda.

Kilichonirudisha ni kitabu alichokuja nacho mwalimu wetu mmoja. Kilikuwa na nakala za kurasa za Dan Eldon. Huyu alizaliwa London mwaka wa 1970, akaletwa Nairobi na wazazi wake mwaka wa 1977, akasomea huko na kukulia huko. Tangu ujana wake alikuwa akibandika. Alibandika picha alizopiga mwenyewe, ramani, vipande vya magazeti, akachora juu yake, akapaka rangi na kuandika pembeni, mpaka madaftari yake yakavimba yakawa hayafungiki. Mwaka wa 1990 alisafiri na rafiki zake kwa magari kutoka Nairobi hadi Malawi kuwapelekea msaada wakimbizi wa Msumbiji, na safari hiyo nayo ikaingia madaftarini. Baadaye akawa mpiga picha wa shirika la habari la Reuters nchini Somalia. Tarehe 12 Julai 1993, baada ya helikopta za Marekani kushambulia nyumba moja mjini Mogadishu, umati wenye hasira uliwaua wanahabari wanne waliokuwa wamefika kupiga picha: Dan, Wakenya wawili, Hos Maina na Anthony Macharia, na Mjerumani Hansi Krauss. Dan alikuwa na umri wa miaka 22. Aliacha madaftari 17, na mama yake akatoa kitabu cha kurasa zake mwaka wa 1997.

Mwalimu alitueleza pia juu ya Peter Beard, Mmarekani aliyekuwa na makao karibu na Nairobi, naye akijaza shajara zake picha, majani, wadudu, hata damu ya wanyama. Mwaka wa 1977 nyumba yake ya kule Marekani ilishika moto, na kazi zake nyingi zikaungua humo. Ninalitaja hilo kwa sababu wengi wetu tunaweka vitabu karibu na jiko, mahali pakavu. Pakavu ndiyo, lakini mna cheche.

Sasa, baada ya kuona kurasa za Dan nilifanya nini? Niliiga tena! Nilichoma kingo za karatasi kwa kiberiti ili zionekane za zamani. Nilimwaga wino makusudi. Nilibandika ramani ya Afrika ilhali sijawahi kupita Thika upande huu wala Nairobi upande ule. Kusema kweli kurasa hizo ukiziona leo utacheka mpaka mbavu ziume. Ni mpaka nilipozitazama za Dan mara ya tatu ndipo nikang'amua jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo: ramani zile alizibandika kwa sababu alizipitia. Alikuwa anabandika kilichopita mikononi mwake. Basi ilhamu si kitu cha kutafuta mbali, ni kuuliza tu, je, kwetu ni karatasi gani zinazopita mikononi?

Nikaanza kuzikusanya. Pakiti ya mbegu za sukumawiki yenye picha ya majani makubwa ambayo yetu hayajawahi kufikia. Risiti ya duka la dawa. Karatasi ya ndani ya pakiti ya majani ya chai. Barua ya shule ya kudai karo (hii niliibandika kwa hasira). Na juu ya kabati, ndani ya kopo la siagi, nikapata hazina: tikiti kumi na moja ndogo, rangi ya kijani, kila moja ina tarehe, idadi ya madebe, na muhuri wa zambarau. Mama huchuma kahawa katika shamba moja huku kwetu msimu unapofika, na kila akipima debe karani humwandikia. Zilikuwa nzuri ajabu. Nilizipanga kama vigae vya paa, ukurasa mzima, nikazibandika usiku huo huo. Nilienda kulala nikiwa na furaha isiyo kifani, kwani kwa mara ya kwanza nilikuwa na ukurasa ambao binamu yangu hawezi kuwa nao.

Jumamosi ilikuwa siku ya malipo.

Kumbe tikiti zile ndizo pesa zenyewe. Mchumaji huzirudisha kwa karani, zinahesabiwa, analipwa. Mama alipopata kopo tupu hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Wewe, tikiti zangu ziko wapi?" Nilimpelekea daftari huku magoti yakigongana. Alilitazama, akanitazama, akaketi chini.

Hapa lazima nieleze habari ya gundi, kwa maana gundi ndiyo iliyotuokoa kidogo. Mimi situmii ile ya chupa, ni ghali. Napika ya unga wa ngano: kijiko kimoja cha unga, vijiko vitano hivi vya maji, unakoroga kungali baridi hadi madonge yaishe, kisha unaweka kwenye moto mdogo na kukoroga bila kupumzika mpaka igeuke nzito na kung'aa kidogo kama uji wa mgonjwa. Unaipoza. Inakaa siku mbili au tatu kabla haijachacha. Ipake nyembamba sana, kwa sababu ikiwa nene karatasi itakunjamana na mende watakuja kula (mende hupenda unga kuliko wanavyoogopa wino). Uzuri wake ni kwamba haigandi milele. Ukiweka juu yake kitambaa chenye unyevu na kungoja, inalainika, na karatasi inabanduka.

Basi tuliketi mimi na Mama kwenye taa tangu saa kumi na moja alfajiri tukibandua tikiti moja moja kwa ncha ya kisu cha mezani. Maandishi ya biro yalistahimili. Muhuri wa zambarau ndio ulioanza kuyeyuka, na tikiti moja ikachanika katikati. Tukazianika kando ya jiko. Karani alizipokea tisa. Mbili alizikataa, ile iliyochanika na nyingine ambayo muhuri wake ulikuwa umegeuka doa tu. Jumla madebe matano. Aliyewahi kuchuma kahawa anajua debe moja ni mgongo wa muda gani. Juma hilo hatukununua sukari, na hakuna aliyenilaumu kwa maneno, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Nilidhani Mama angechoma daftari. Siku tatu hivi baadaye aliniwekea zile tikiti mbili mezani. "Hizi sasa hazina kazi kwa karani," akasema, "ni zako. Bandika."

Nilizikaa nazo karibu mwezi mzima nisijue la kufanya. Kuzibandika ovyo niliona haya. Jibu lilitoka mahali ambapo sikutarajia, katika leso ya Shosho iliyokuwa imeanikwa kwenye kamba. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba leso ina sehemu tatu: pindo, yaani mpaka unaoizunguka pande zote nne, mji, yaani eneo la katikati, na jina, yaani yale maneno yanayoandikwa chini ya mji. Zamani jina liliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye zikaja herufi hizi zetu. Kule Mombasa kuna duka la Kaderdina lililoanzishwa mwaka wa 1887, ambalo leso zake zinatambulika kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Nilisimama mbele ya kamba nikasema, huu si ukurasa? Mtu wa pwani alikwisha kuupanga kabla sijazaliwa.

Tangu siku hiyo kila ukurasa wangu ni leso. Katikati naweka kitu kimoja tu, au viwili vikiwa ndugu. Huo ndio mji. Hapo zamani nilikuwa najaza hadi pumzi ikose pa kupita, na jicho halikujua litue wapi. Pindo nalifanya kwa vipande vidogo vya kitu kinachohusiana na mji: kama mji ni risiti ya dawa, pindo ni karatasi ya vidonge. Na jina ni maneno machache, yasizidi sita, ambayo lazima niyatunge mwenyewe. Jina ndilo gumu. Huweza kuchukua wiki mbili. Ukurasa wa tikiti mbili za Mama pindo lake ni majani madogo ya kahawa, na jina lake ni "Madebe matano, sukari ya juma." Binamu aliuona akauliza maana yake ni nini. Nilifurahi kwamba aliuliza.

Kuhusu majani, usibandike bichi, yataoza na kuchafua ukurasa wa pili. Yalaze kati ya karatasi za gazeti chini ya vitabu vizito, badilisha gazeti kila baada ya siku mbili tatu, na baada ya wiki mbili hivi yatakuwa makavu. Gazeti lenyewe pia lina hila. Karatasi yake hutengenezwa kwa mti uliosagwa pamoja na lignini yake, na lignini ikikutana na hewa na mwanga hugeuza karatasi kuwa ya manjano na kuifanya ivunjike kama biskuti. Habari unayotaka idumu, itoe nakala kwa mashine kwenye karatasi nyeupe, ubandike nakala. Tena, kabla ya kuanza, kata karatasi moja kati ya kila tatu za daftari, ukiacha kishina chake karibu na uzi. Usipofanya hivyo kitabu kitavimba kama cha Dan, na Dan alikuwa Dan, wewe utapasua jalada.

Hivi sasa nina ukurasa mmoja ambao umenishinda. Mji wake ni jani la kahawa aina ya Ruiru 11, ile iliyotolewa kwa wakulima mwaka wa 1985 kutoka kituo cha utafiti cha hapa kwetu Ruiru, inayostahimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Nililichuma kwenye mti uliokuwa umeng'olewa tayari, mizizi juu, katika kona ya lile shamba anakochuma Mama. Pindo lake ni utepe mwekundu wa plastiki ambao wapimaji wa ardhi waliuacha umefungwa kwenye vigingi walipokuwa wakikata ploti. Mama aliutazama ukurasa huo usiku mmoja, akagusa jani kwa kidole, akauliza jina lake litakuwa nini. Nilimwambia sijui. Naye akasema hajui.

Pameachwa nafasi ya maneno sita. Msomaji mwenye jina anione kidato cha tatu, dawati la pili karibu na dirisha, wakati wa mapumziko ya chai.