Kermit na Peggy waliachana: nani alikasirika, na juu ya nini?

Mwezi wa 8 mwaka wa 2015, habari moja ilizunguka dunia mbio kuliko habari za wakubwa wa inchi: Kermit na Peggy wameachana! Kermit ni chura wa kitambaa. Peggy ni nguruwe wa kitambaa. Wenye kusema Kiingereza wanamwita Miss Piggy. Wote wawili ni marionete, ni mkono wa mtu tu unaingia ndani na kuwachezesha. Lakini watu wazima walisikitika sawa vile ni jirani zao wa parsele wamevunja ndoa.

Kumbe ilikuwa njia ya kutangaza mchezo mpya. Ile Muppet Show ya zamani, ambayo wazazi wengi waliiona kwa Kifaransa walipokuwa wadogo, ilipita toka 1976 mpaka 1981, vipindi 120. Tarehe 22 mwezi wa 9 mwaka wa 2015, televizyo ABC ya Marekani ikawarudisha, lakini si kwa kuimba na kurukaruka tena. Sasa ni wafanyakazi. Peggy ana kipindi chake cha usiku, na Kermit ni shefu wa kipindi hicho, na tena ndiye bwana waliyeachana naye. Kamera inawafuata ndani ya biro, na kila mmoja anaitwa pembeni kulalamikia mwenzake. Mwenye kupata kufanya ekipe moja na mtu waliyegombana naye nyumbani anajua ile joto.

Na mizaha? Ilikuwa ya wakubwa kweli. Kermit ana mchumba mpya, Denise, na Denise naye ni nguruwe. (Basi kosa halikuwa la kabila.) Fozzie, yule dubu mchekeshaji, anapendana na binti wa watu, na wazazi wa binti hawataki mkwe mwenye manyoya. Kwenye mkutano wa kazi, Zoot mpiga saksofoni anasimama kujitambulisha kama wale wanaokutana ili waache pombe, na wenzake wanapaswa kumwambia kama mkutano huu si ule.

Wa kwanza kupiga kelele walikuwa kampeni moja ya wazazi wa Marekani, One Million Moms. Siku zile zile za kuanza, walikusanya sahihi za watu ili ABC iondoe mchezo. Walisema wazazi watawakalisha watoto mbele ya televizyo bila kujua, juu wanaona chura na nguruwe, halafu watashtuka wakiwa wamechelewa. Walikasirikia hata tangazo lililofanya mzaha wa kusema mtu ataonekana uchi. Sasa Kermit, toka azaliwe, alivaa suruali lini?

Tuwacheke, lakini si sana. Mi naona walikuwa na haki nusu. Nyumba zetu nyingi ziko na televizyo moja, ndani ya salo, na pale wanakaa wote: baba aliyetoka poste ya usiku, mama, watoto, pengine na mama mkwe aliyekuja kutembea. Mzaha unaopita vizuri kati ya wachimbaji wakingojea kushuka, haupiti mbele ya mama mkwe. Babu anaweza kumtania mjukuu wake namna anavyotaka, anamwita hata bibi yake. Baba mkwe akisema neno lile lile kwa bibi wa mtoto wake, kuna kikao. Neno ni moja. Kinachogeuka ni nani amekaa pale.

Lakini wapenzi wa zamani wa Muppets, wale ndio hasira yao ilinivuta zaidi. Hao hawakuogopa maneno. Walijua kama Jim Henson, baba wa marionete hizi, hakutaka hata kidogo kuitwa mtu wa watoto tu. Kipindi chake cha kujaribia, mwaka wa 1975, alikipa jina lenye maana ya ngono na ujeuri, kwa kuchokoza watu. Hata Peggy mwenyewe, toka zamani alikuwa anamfukuzia Kermit bila haya.

Basi walilalamika nini? Walisema: ile ya zamani ilikuwa na gorofa mbili. Mtoto anacheka juu nguruwe ameanguka, baba anacheka juu ya neno lililojificha chini, na wote wanacheka pamoja. Ile mpya iko na gorofa moja tu. Tena wakasema kicheko kimekauka. Kermit wa zamani alihangaika na wasanii wake vichaa, lakini aliwapenda. Huyu wa 2015 ni shefu aliyechoka, anayesema maisha yake ni jehanamu. Watu wanaotoka kazini wamechoka, wakaone tena mkubwa wa kazi analalamika? Usiku wa kwanza waliangalia watu karibu milioni 9. Mbele ya mwezi wa 12, mwongozaji Bob Kushell aliondoka, akaja Kristin Newman, aliyetaka kurudisha furaha. Vipindi vikawa na moyo zaidi, lakini watu walikwisha kwenda. Mwezi wa 5 mwaka wa 2016 ABC ilifunga, baada ya vipindi 16.

Miaka ya nyuma kidogo, 2017, Steve Whitmire, aliyemchezesha Kermit toka Henson alipokufa mwaka wa 1990, alieleza kitu kimoja alichokataa ndani ya mchezo ule. Wakati huo alikuwa amekwisha ondolewa kazini, na wakubwa wa Disney walitoa sababu zao. Yeye hakuzungumzia pombe wala mapenzi. Kulikuwa na kipindi ambacho Kermit anamficha Robin, mtoto wa ndugu yake, asijue kama yeye na Peggy wameachana. Whitmire alisema Kermit hawezi kumdanganya Robin. Mtoto akija kuuliza, Kermit atamkalisha chini na kumwambia ukweli.