Karatasi ya Mlangoni na Katiba ya Kikundi

Asubuhi moja tulikuta karatasi imebandikwa kwenye lango la ploti yetu hapa Obunga, Kisumu: kuanzia Jumatatu ni marufuku kukaanga samaki uani, na atakayekaidi atakatiwa maji. Chini yake palikuwa na muhuri wa kikundi chetu cha wakazi. Mimi ndiye katibu wa kikundi hicho, na karatasi ile sikuiandika mimi.

Kwa asiyeujua mtaa huu, moto wa uani ndio unaowalisha wengi. Viwanda vya Kisumu vikishatoa minofu ya mbuta ya kupeleka ng'ambo, vichwa na mifupa huja kwetu. Tunaviita mgongo wazi. Akina mama huukausha juani, huukaanga, na jioni huuuza kando ya barabara. Moshi upo, harufu ipo, na mafuta machafu yakimwagwa mtaroni huganda na kuziba. Majirani waliolalamika hawakusema uongo.

Mama Pacha, ambaye jiko lake liko hatua chache kutoka mlangoni pangu, alinijia na karatasi mkononi. "Dada katibu, kodi nimelipa, na landilodi anajua nakaanga samaki. Mbona mwanifukuza kazini?"

Sikuwa na jibu. Nikaitoa katiba ya kikundi sandukuni, kurasa 6, nikaisoma polepole kwa mara ya kwanza tangu tujisajili. Inasema kanuni mpya hupitishwa na mkutano mkuu, taarifa itolewe siku 7 kabla, na angalau nusu ya wanachama wawepo. Tuko wanachama 42. Daftari la mahudhurio la mkutano uliodaiwa kuipitisha kanuni ile ya moto lilikuwa na majina 9. Kanuni ile haikuwahi kupita.

Hapo ndipo nilipoona jinsi maandishi haya yanavyobebana. Tangazo la mlangoni hupata nguvu kwa kanuni, na kanuni huipata kwa katiba ya kikundi. Katiba ya kikundi nayo iko chini ya sheria za kaunti na za Bunge, ikiwemo ile ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Juu ya zote ni Katiba ya Kenya ya 2010: ibara ya 2(4) hubatilisha sheria au tendo linaloipinga, na ibara ya 43 huyataja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Ndiyo maana adhabu ya maji ilinitisha kuliko marufuku yenyewe. Kikundi kinaweza kumtoza mwanachama faini ikiwa katiba yake inaruhusu. Kumnyima mtoto maji ya kunywa kwa sababu mama yake amekaanga samaki, hapana.

Kisha kuna makubaliano ya upangaji. Wengi wetu Obunga ni wapangaji. Hati ya ardhi iko kwa landilodi. Mama Pacha ana karatasi iliyoandikwa kwa mkono inayomruhusu kuweka jiko la biashara. Kikundi hakikutia sahihi pale, basi hakina uwezo wa kuifuta, na landilodi asiye mwanachama hafungwi na kanuni zetu. Lakini afisa wa afya wa kaunti akiliona jiko hilo ni hatari kisheria, ruhusa ya landilodi haitamwokoa.

Ghorofa lililosajiliwa chini ya sheria ya umiliki wa nyumba kwa sehemu, ya 2020, ni jambo jingine. Huko kila mwenye nyumba ana hati yake, na wote ni wanachama wa shirika moja kwa nguvu ya sheria, wapende wasipende. Kwetu mtu hujiunga kwa hiari.

Tuliitisha mkutano upya, kwa taarifa ya siku 7. Wakaja 27. Tukakubaliana majiko yawashwe kuanzia saa nane mchana hadi saa moja jioni, mbali na milango, na mafuta machafu yatiwe kwenye debe. Maji hayakutajwa. Mwenyekiti wetu, mzee ninayemheshimu, aliibandua karatasi ile kwa mkono wake.

Nawe msomaji, kabla hujalipa faini yoyote ya mtaa au ploti, omba uonyeshwe katiba ya kikundi na kitabu cha kumbukumbu za mkutano ulioipitisha faini hiyo. Visome pamoja na makubaliano yako ya upangaji.