Maji ya rangi yanaweza kung'aa na bado yakaua maharagi

Wandugu wanachama, kuko swali moja linalorudi kila tunapokaa na wakulima wa mboga kandokando ya Baraka, na halihusu mbegu wala viwavi. Linahusu maji ya mfereji. Juu kuko watu wanaotia rangi vitambaa kwa sufuria na bidoni. Chini kuko mashamba ya lengalenga na nyanya. Leo maji yanashuka ya buluu, kesho mekundu. Wakulima wanatuuliza: tukiyachuja mpaka yawe safi kwa macho, tunaweza kumwagilia?

Jibu letu ni hapana. Lakini tunaomba mutusikilize mpaka mwisho, kwa sababu kuchuja kwenyewe ni kazi ya maana, na inawezekana hapa kwetu bila mashine.

Katika teritware yetu ya Fizi hakuna kiwanda cha nguo. Mukitazama ziwa, lakini, mutaona hatuko mbali na viwanda hivyo. Kule Kalemie wazee wanaikumbuka FILTISAF, iliyosokota na kufuma pamba pale pale ufukoni. Bujumbura kulikuwa na COTEBU. Wakati mradi wa viumbe wa Ziwa Tanganyika ulipofanya kazi kati ya 1995 na 2000, watafiti walikihesabu kiwanda hicho cha nguo kati ya vyanzo vya maji machafu ya mji ule yanayoingia ziwani. Ndiyo sababu moja ya zile zilizozifanya Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia kutia sahihi mapatano ya kulilinda ziwa, tarehe 12 Juni 2003 huko Dar es Salaam. Ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, na wataalamu wanahesabu kwamba tone moja la maji hukaa ndani kwa wastani wa miaka 440. Sisi wa Baraka tuko kwenye Golfu ya Burton, imefungwa na Ubwari upande wa pili. Kinachoingia hapo hakina haraka ya kutoka, na hapo hapo ndipo familia nyingi zinachota maji ya kunywa.

Tena Dar es Salaam kuna mfano unaotugusa sisi wakulima moja kwa moja. Kwenye bonde la mto Msimbazi, ambako maji ya viwanda yanapita pamoja na uchafu mwingine wa mji, watu wanalima mchicha wa kuuza sokoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mboga za kule na kutoa matokeo yao 1999: walikuta madini mazito kama risasi na kadimiamu ndani ya majani. Ni madini ambayo hayaonekani kwa jicho, na kuosha majani hakuyatoi yale yaliyokwisha kuingia ndani.

Sasa turudi kwenye bidoni. Rangi za kisasa za pamba, zile zinazoitwa reaktifu, hazishiki zote kwenye kitambaa. Ukitia gramu 100, gramu 10 hadi 50 zinaweza kubaki majini, kulingana na rangi yenyewe na ufundi wa anayetia. Na rangi ina nguvu ya ajabu: miligramu moja ndani ya litre moja inatosha jicho kuiona. Baadhi yake, hasa za kundi linaloitwa azo, zikikaa kwenye matope yasiyo na hewa zinavunjika na kutoa vitu vingine vinavyoweza kuleta kansa. Kwa ajili hiyo Umoja wa Ulaya ulikataza sehemu ya rangi hizo kwenye nguo kwa sheria ya 2002. Paketi zinazofika sokoni kwetu mara nyingi hazina maandishi yoyote. Hatuwezi kujua ni ipi.

Lakini kama agronomu, kinachotutisha zaidi siyo rangi. Ni chumvi. Ili rangi ya reaktifu iingie vizuri kwenye pamba, hasa rangi nzito, watu wanatia chumvi gramu 50 au zaidi kwa kila litre. Pigeni hesabu: bidoni ya litre 20 imebeba kilo nzima ya chumvi. Sasa kipimo cha FAO kinasema maji ya kumwagilia yakipita gramu 2 za chumvi kwa litre, yana hatari kubwa kwa mimea. Maji ya sufuria ya rangi yanapita kipimo hicho mara 25. Maharagi ni kati ya mimea inayoumia kwanza, mbele ya nyanya: majani yanakauka pembeni, maua yanaanguka, mukulima anadhani ni ugonjwa na anakwenda kununua dawa. Tena sodiamu inaharibu udongo wa mfinyanzi. Unajifunga, maji hayaingii, na jembe linagonga kama kwenye tofali.

Makala yanakamata rangi. Chumvi hayaikamati. Mchanga pia hauikamati, wala mbegu za moringa ambazo wengi wenu munazijua kwa kutuliza maji ya tope. Ndiyo maana maji yanaweza kutoka kwenye chujio yaking'aa kama ya chemchemi na bado yakaua shamba la maharagi.

Basi kwa wale wanaotia rangi, kazi inaanza kwa kutenganisha. Maji ya sufuria ya kwanza, yale mazito, yasichanganywe kamwe na maji ya kusuuza. Yale mazito yatumieni tena kwa kitambaa cha pili cha rangi hafifu; munaokoa pesa ya chumvi na ya rangi. Yakichoka, myamwage kwenye beseni pana lisilo na kina, lililotandikwa plastiki, na wakati wa kiangazi jua litayakausha. Kinachobaki chini kinafungwa kwenye mfuko na kuzikwa mbali na kisima, juu ya fasi ambayo mafuriko hayafiki.

Wale wanaotumia soda kostiki (ile ile ya kupikia sabuni) pamoja na unga wa idrosilfiti, tuko na onyo. Musitie ndimu wala siki kwenye maji hayo yakiwa mabichi, na zaidi musifanye hivyo ndani ya nyumba: yanatoa gesi inayokaba kifua. Yaacheni nje kwenye chombo wazi, yakorogeni mara kwa mara muda wa siku nzima, watoto wakiwa mbali. Hewa ikiingia, rangi ya aina hii inageuka unga na kuzama chini yenyewe. Kisha munamwaga taratibu maji ya juu na kuacha tope. Hiyo ni sehemu nyepesi kuliko zote, na hakuna anayewaambia watu.

Maji ya kusuuza ndiyo ya kupitisha kwenye makala. Fizi ina mingazi, na maganda ya kokwa za ngazi yanatoa makala magumu, mazuri kuliko ya miti laini. Yatwangeni yawe madogo kama mahindi yaliyovunjwa, yaosheni mpaka vumbi liishe. Ndoo yenye matundu chini: kokoto, mchanga, halafu makala kwa urefu wa mkono mpaka kiwiko. Majivu tusiyaweke, yanaongeza ukali wa maji na makala yanafanya kazi vibaya. Maji yapite polepole sana, kama uzi. Makala yetu ya kienyeji hayana nguvu ya yale ya dukani yaliyotengenezwa kwa kuchujia, kwa hiyo yanajaa haraka. Siku rangi inapoanza kutokea chini, yamejaa, badilisheni.

Na hapa tunawasihi: makala yaliyojaa rangi musiyapeleke shambani kama mbolea, hata kama tumewafundisha kutia vumbi la makala kwenye mboji. Musiyapikie pia. Rangi ingali ndani yake. Yanakwenda kwenye shimo moja na ile mifuko.

Maji yaliyotoka kwenye ndoo yaingie kwenye shimo la kunyonya, chini ya mashamba na mbali na ziwa. Kazi ya rangi ikiwa juu ya bustani, ihame. Ni mambo ya kukubaliana kwenye mkutano wa koperative kabla ya kiangazi, siyo ya kupigania mferejini.

Kama bado munashuku maji ya mfereji, chukueni makopo mawili yenye udongo wa shamba moja. Pandeni maharagi 10 kwa kila kopo. Moja limwagilieni maji ya mfereji, lingine maji ya mvua, kipimo sawa, siku 14. Kisha yaleteni yote mawili kwenye mkutano, hata yale ambayo hayakuota.