Shimo la majitaka limejaa? Mkaguzi wa hesabu naye atapandisha bei

Mfanyabiashara mwenzangu, unauza kahawa ya Karatu mtandaoni, na wiki ikiwa nzuri unapeleka asali au vitunguu vya Mang'ola kwenye loji. Ukisikia "mkaguzi wa hesabu" unasema hayo ni mambo ya wakubwa. Subiri kidogo.

Chukulia kuna loji mbili njia ya kwenda geti la Loduare. Vyumba sawa, mauzo sawa. Ya kwanza ina cheti cha mazingira kutoka NEMC, kibali cha kisima, na risiti za gari la majitaka, vyote kwenye faili moja. Ya pili faili haina. Shimo limejaa, dizeli ya jenereta inamwagika chini, kisima kilichimbwa kimyakimya.

Ya pili italipia ukaguzi bei kubwa zaidi. Kwa nini? Mkaguzi anauza muda wake, na anabeba jina lake. Akisaini hesabu zilizoficha deni, anaweza kuwajibishwa na NBAA, bodi inayosimamia wahasibu na wakaguzi nchini. Kwa hiyo anauliza: kuna faini inakuja? Kusafisha hapa ni shilingi ngapi? Wakifungiwa, mkopo utalipwaje? Kila swali ni siku ya kazi, barua, pengine na mtaalamu wa kuitwa. Zote hizo zinaingia kwenye ada. Asiporidhika, shaka yake anaiandika kwenye ripoti, na benki inaisoma.

Si huku kwetu tu. Hata China, watafiti wamekuta kampuni zinazochafua sana hulipa ada kubwa zaidi ya ukaguzi. Na Ngorongoro ni Urithi wa Dunia tangu 1979, yaani macho ya watu yako hapa muda wote.

Ila tusidanganyane: kuwa msafi hakufanyi ukaguzi uwe bure. Kinachopunguza kazi ya mkaguzi ni ushahidi. Umesafisha lakini huna karatasi? Kwake bado ni swali.

Sasa wewe unaingiaje? Loji ikibanwa, nayo inawabana wanaoiuzia. Risiti iko wapi? Mzigo umefungwa na nini? Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019. Muuzaji asiye na karatasi ni rahisi kukatwa oda, hata kama asali yake ni tamu kuliko zote.

Fanya haya kuanzia leo:

✅ Piga picha kila risiti siku hiyohiyo, weka kwenye folda ya mwezi.

✅ Andika umenunua vifungashio gani, kwa nani, kwa bei gani.

✅ Ukipigwa faini, iandike kama faini. Usiifiche kwenye "matumizi mengineyo".

✅ Vibali vyako viandikie tarehe ya kuisha, na ujiwekee kengele kwenye simu mwezi mmoja kabla.

✅ Siku ukisajili kampuni na kutafuta mkaguzi, mpe faili kwanza ndipo uulize bei. Muulize pia ni kitu gani kwako kinamwongezea kazi. Hicho ndicho cha kurekebisha kabla ya mwaka ujao.

Loji ikikuomba risiti za miezi mitatu leo jioni, unazo?